Windows mbili kwenye diski moja: kisa cha duka la taraza Mombasa

Kisa hiki ni cha duka dogo la taraza kisiwani Mombasa. Lilihitaji programu mbili zisizoweza kukaa kwenye Windows moja, na kompyuta ilikuwa moja yenye diski moja. Jina la duka, mtaa na majina ya watu vimeondolewa, na wenyewe wameridhia kiandikwe. Ukubwa wa diski na jinsi ilivyokatwa nimeviacha vilevile, maana fundi atakayesoma atataka kufuata hesabu.

## Usuli

Duka liko si mbali na mitaa ya maduka ya leso. Linatarizi kanzu, kofia na mabuibui, lakini kazi inayolipa kodi ni beji za sweta za shule. Desemba ikishaingia, mpaka wiki ya kufungua shule Januari, mashine hazipoi. Mwenye duka ni mama wa makamo, michoro huitengeneza mpwa wake, na kompyuta ikiugua huitwa kijana mmoja fundi wa mjini.

Kompyuta yenyewe ni ya mtumba, ya ofisini, diski ya GB 500 na RAM ya GB 4. Programu ya kuchorea taraza ilinunuliwa pamoja na mashine ya kwanza, na leseni yake ni kijidude cha plastiki kinachochomekwa nyuma, kwenye lile tundu pana la printa za kale lenye vishimo 25. Bila kijidude programu hufunguka lakini hukataa kuhifadhi kazi. Draiva ya kijidude, yaani programu ndogo inayoiwezesha Windows kukitambua, iliandikwa kwa Windows ya biti 32, na Windows ya biti 64 haipokei draiva ya biti 32 kwa hali yoyote. Hiyo ndiyo sababu duka lilibaki na Windows 7 ya biti 32 hata baada ya Microsoft kuacha kuihudumia tarehe 14 Januari 2020. Kompyuta haikuunganishwa na intaneti, wala hakuna aliyeona haja.

Kisha duka likanunua mashine ya pili, nayo ya mtumba lakini ya kisasa, yenye sindano 15. Ilikuja na programu yake, na programu hiyo inataka Windows 10 ya biti 64.

Mtu wa nje atauliza: si michoro yote ihamishiwe kwenye programu mpya, hiyo ya zamani ipumzishwe? Hapo taraza haifanani na picha. Mashine hizi husoma faili za DST, na faili ya DST ni orodha ya hatua za sindano tu: sogea huku, toboa, sogea kule, toboa, simama ubadilishe uzi. Haijui kwamba hatua zile ni herufi au ni jani la mnazi. Haijui hata rangi ya uzi. Beji ya sweta ya mtoto wa chekechea ukiivuta katika DST ili itoshe blaza ya sekondari, nyuzi zinaachana na kitambaa kinachungulia katikati. Kubadilisha ukubwa ipasavyo kunahitaji faili asili ya programu iliyochora, na faili asili za duka hili, za miaka mingi, zinafunguka kwenye programu moja tu: ile yenye kijidude.

Kwa hiyo programu ya zamani ilitakiwa kubaki, na mpya ilitakiwa kuingia.

## Njia zilizozungumzwa, na moja iliyosahauliwa

Fundi alikuja Novemba, kabla ya msimu. Kununua kompyuta ya pili kulikataliwa mapema kwa sababu fedha zilikuwa zimeishia kwenye mashine. Kuendesha Windows 7 kama kompyuta pepe ndani ya Windows 10, kwa mfano kwa VirtualBox, alikuwa amekujaribu kwa mteja mwingine. Kwenye RAM ya GB 4 mifumo yote miwili hutambaa, na kijidude cha tundu la printa ni kigumu kukifikisha ndani ya kompyuta pepe. Windows 10 ya biti 32 huenda ingekikubali kijidude, lakini programu mpya isingeingia.

Ikabaki kugawa diski katika vipande, yaani patisheni: moja ibaki na Windows 7 na programu yake, nyingine iwekwe Windows 10 na programu mpya, na kompyuta ikiwashwa mtu achague anakoingia. Prosesa ya kompyuta ilikuwa na uwezo wa biti 64 ingawa Windows yake ilikuwa ya 32, na hali hiyo ni ya kawaida kwa kompyuta za umri ule.

Njia ambayo hakuna aliyeitaja ni kuongeza diski ya pili ndani ya kasha hilohilo. Nafasi ilikuwapo, waya wa umeme wa ziada ulikuwapo, na SSD ndogo haikaribii bei ya kompyuta. Nitairudia chini.

Kabla ya kugusa chochote, fundi aliuliza kama kuna nakala ya michoro.

"Iko. Nshaiweka yote kwa D," mama akajibu. "C ikifa, D iko."

Fundi hakubishana. Alizima kompyuta, akailaza, akafungua kasha. Ndani kulikuwa na tandiko la vumbi la nyuzi, jekundu na bluu ya sare za shule, limeshikamana na feni, na skrubu za kasha zilikuwa zimekula kutu ya hewa ya bahari. Akavuta waya mmoja, akaonyesha kisanduku kimoja cha chuma.

"Mama, C ndiyo hii. Na D ndiyo hii."

"Na nyengine?"

"Hakuna nyengine. Ni nyumba moja imetiwa kiambaza katikati. Ikishika moto, vyumba vyote vinaungua."

Mama alinyamaza kidogo, kisha akamtuma mtu akanunue diski ya nje ya TB 1.

## Siku ya kugawa

Fundi alinakili D yote na folda za kazi zilizokuwa zimezagaa kwenye C. Hakuridhika na kuona mstari wa kijani umefika mwisho. Alimketisha mpwa, wakafungua michoro moja kwa moja kutoka diski ya nje, ya mwaka ule na ya zamani kabisa, mpaka wakakutana na folda mbili ambazo hata kwenye D asili zilikuwa tayari zimeharibika. Juu ya hapo akatengeneza taswira kamili ya mfumo kwa kifaa cha Windows 7 yenyewe, akachoma na CD ya kuirejesha. Akaazima UPS, ile betri ya kushikilia umeme, kwa jirani, kwa kuwa ya duka ilikuwa ikilia na kuzima palepale umeme ukipepesa. Kuhamisha mipaka ya patisheni ni kazi ambayo umeme ukikatika katikati unaweza kukuachia patisheni isiyosomeka.

Diski ya GB 500 huonekana kwenye Windows kama GB 465 hivi. Hakuna aliyeiba. Watengenezaji huhesabu kwa maelfu na Windows huhesabu kwa 1024. Ilikuwa imekatwa hivi: patisheni ndogo ya kuwashia ya MB 100, C ya GB 298, D ya GB 155, na mwishoni GB 12 za kurejesha mfumo zilizowekwa na aliyeitengeneza upya kabla ya kuiuza.

Mpango ulikuwa kupunguza C na kutumia nafasi itakayopatikana. C ilikuwa imetumika GB 96 tu, lakini Disk Management ikasema inaweza kutoa GB 71 na si zaidi. Mafundi wengi hapa hukimbilia programu za kupakua. Sababu si fumbo. Windows hupunguza patisheni kuanzia mwishoni mwake, na kuna faili haiwezi kuzisogeza ikiwa inazitumia: pagefile.sys (RAM ya akiba), hiberfil.sys (ya usingizi wa diski, yaani hibernate), na hifadhi ya nukta za kurejesha mfumo. Moja ikikaa katikati ya patisheni, nafasi iliyo kabla yake haipunguziki hata ikiwa tupu. Fundi alizima usingizi wa diski kwa amri ya powercfg /h off, akaondoa pagefile kwa muda, akazima ulinzi wa mfumo, akawasha upya, akapanga faili upya kwa defrag. Safari hii ikakubali zaidi ya GB 150. Akachukua 148, C ikabaki na 150, kisha akairudishia pagefile yake.

Kumbuka ile powercfg. Aliizima kwa sababu ya nafasi, na kwenye Windows 7 peke yake.

Alipojaribu kuunda patisheni mpya kwenye nafasi iliyoachwa, likatokea onyo refu. Diski hii ilikuwa ya mpangilio wa MBR, na MBR ina nafasi nne tu katika jedwali lake la patisheni. Zote nne zilikuwa zimejaa. Windows haikukataa ombi lake. Ilijitolea kuigeuza diski nzima kuwa ya aina ya dynamic, na ndani ya aya ndefu ya onyo kulikuwa na sentensi inayosema kwamba baada ya hapo mifumo mingine kwenye diski haitaweza kuwashwa isipokuwa huu unaotumika. Kitufe cha Yes kilikuwa kinangoja. Ukikibonyeza, umefuta lengo zima la kazi, na kwa vifaa vya Windows yenyewe huwezi kurudi nyuma bila kufuta patisheni zote.

Fundi alisoma, akabonyeza No. Aliniambia kilichomwokoa ni kwamba mpwa alikuwa ameketi kando yake akimwuliza maana ya kila dirisha, ikambidi asome kwa sauti. Sentensi hiyo ingestahili kubandikwa ukutani kwenye kila karakana.

Suluhisho lilikuwa kuifuta D, ambayo yote ilikuwa tayari kwenye diski ya nje, ili nafasi moja ya jedwali iachwe wazi. Nafasi hiyo ya nne ikawa patisheni pana, aina inayoweza kubeba nyingine ndani yake. GB 303 zilizopatikana zikakatwa mbili: 120 kwa Windows 10, na 183 zilizobaki zikaitwa KAZI, zionekane na mifumo yote miwili. Windows 10 haioni tabu kukaa ndani ya patisheni pana, mradi faili za kuwashia zipate patisheni ya msingi, na ile ya MB 100 ilikuwapo.

Kusakinisha kwenyewe hakukuwa na hadithi. Windows ya zamani ilikuwa imetangulia na mpya ikafuata, na huo ndio utaratibu salama, kwa sababu mpya humtambua mwenzake na kumwekea nafasi kwenye menyu ya kuwashia. Ukigeuza, ya zamani huandika kiwashio chake juu ya kipya na ile mpya haionekani mpaka irekebishwe. Leseni ya Windows 10 ilinunuliwa, kwani kuwa kwenye kompyuta ileile hakuipi nakala ya pili ruhusa ya kutumia leseni ya kwanza. Umeme ulipepesa mara moja wakati wa kunakili. UPS ya jirani ikashika.

Jioni ile kila programu ilifunguka mahali pake. Mpwa akatoa DST kwenye Windows 7, akawasha upya, akaifungua kwenye Windows 10, na beji ya kwanza ikatoka kwenye mashine ya sindano 15. Fundi akalipwa, UPS ikarudi kwa mwenyewe.

## Msimu wa kwanza

Malalamiko ya mwanzo yalikuwa ya "faili kupotea", na hayakuwa ya diski. Kila Windows hujiita C. Mpwa alihifadhi mchoro kwenye uso wa skrini upande wa Windows 7, akahamia Windows 10, akafungua uso wa skrini, hakuna kitu. Mara nyingine msaidizi alifuata njia ya C aliyoandikiwa kwenye karatasi na kuangukia folda ya upande mwingine. Fundi akaja, akaondoa herufi ya patisheni ya mwenzake kila upande ili isionekane, akaweka KAZI iwe na herufi K pande zote mbili, na kuupa kila upande rangi yake: kijani kwa mashine ya zamani, bluu kwa mpya. Malalamiko hayo yakakoma, na nadhani rangi zilisaidia kuliko hayo mengine yote.

Saa hazikusumbua, kwa sababu Windows zote husoma saa ya kompyuta kama saa ya hapa. Ninaitaja kwa ajili ya wanaoweka Linux kando ya Windows: Linux kwa kawaida huichukulia saa ile kuwa ya UTC, saa ya pamoja ya dunia, na kwa kuwa sisi tuko saa tatu mbele, kila ukihama upande saa inaruka saa tatu. Risiti za duka zima zinaweza kutoka na wakati wa uongo kabla mtu hajagundua.

Januari ilipokaribia, kukatokea jambo zito zaidi. Asubuhi nyingine Windows 7 ilipowashwa ilitoa skrini ya kutaka kukagua K, ikihesabu sekunde kurudi nyuma, na kumwambia mtu abonyeze kitufe chochote kama anataka kuruka. Wateja wakiwa mlangoni, kitufe kilibonyezwa. Kila asubuhi. Kisha nembo ya shule moja, iliyohaririwa jana kwenye Windows 7, haikuonekana kwenye Windows 10. Nyingine ilionekana lakini ikakataa kufunguka. Siku ukaguzi ulipoachwa uishe, ndani ya K kulizuka folda iliyofichika iitwayo found.000, imejaa vitu vyenye majina kama FILE0000.CHK.

Lawama zikaanza. Kwanza virusi vya flashi, kama kawaida. Kisha mpwa akaambiwa hahifadhi sawasawa.

"Khala, nimehifadhi. Nimeiona kwa macho yangu," akamwambia mama mwenye duka, na alikuwa anasema kweli.

## Chanzo

Fundi hakuanza kwa kufomati, na hilo namsifia. Alimwomba mpwa aandike daftarini kila anapohama upande: amehama vipi, na nini kimetokea. Daftari likaonyesha mpangilio ambao kuangalia skrini kusingeuonyesha. Akihama mchana kwa kuchagua kuwasha upya, hakuna tatizo. Kompyuta ikizimwa usiku ikiwa Windows 10 na kufunguliwa asubuhi kwa Windows 7, ukaguzi unatokea.

Windows 10 ukiizima kwa njia ya kawaida haijifungi yote. Hufunga programu na kumtoa mtumiaji, lakini kiini chake hukiandika kwenye diski kikiwa hai, pamoja na kumbukumbu yake ya hali ya patisheni ilizokuwa imezifungua, ili kesho iamke haraka. Kipengele hiki kinaitwa Fast Startup, na kwa kawaida huja kimewashwa. Kwenye kompyuta yenye Windows moja hakina neno. Kwenye hii, Windows 10 ililala ikiamini K iko hivi, asubuhi Windows 7 ikaingia ikaandika, na Windows 10 ikaamka na kuendelea na ramani ya jana. Mifumo miwili, kila mmoja ukiwa na hakika kwamba K ni yake. Ukichagua kuwasha upya, Windows 10 hujifunga kweli, ndiyo maana mchana kulikuwa salama. Na jioni ya siku ya kusakinisha, jaribio lilifanywa kwa kuwasha upya.

Tiba ilikuwa ndogo: ile amri ileile ya powercfg /h off, sasa upande wa Windows 10. Ikizima usingizi, Fast Startup nayo hufa. Kisha K ikakaguliwa kwa chkdsk, amri ya Windows ya kukagua diski, mpaka mwisho, michoro iliyoharibika ikarudishwa kutoka diski ya nje, na ile ya siku za karibuni ambayo haikuwa bado imenakiliwa ikachorwa upya usiku. Fundi akabadilisha pia menyu ya kuwashia iwe ile nyeusi ya maandishi. Menyu ya rangi ya Windows 10 huanza kupakia Windows 10 kwanza, na ukichagua Windows 7 huwasha kompyuta upya, basi unangoja mara mbili.

Beji za shule zote zilitoka kwa wakati, isipokuwa oda moja iliyochelewa na kupunguziwa bei.

## Uchambuzi

Kazi ya diski yenyewe ilifanywa vizuri. Kuthibitisha nakala kwa kufungua michoro badala ya kuhesabu faili, UPS, kusoma lile onyo, kuweka ya zamani kabla ya mpya: hivyo vyote vilikuwa sawa, na bila diski ya nje kisa hiki kingekuwa kingine kabisa. Kosa la mama kuhusu D ni la watu wengi sana, na sisi mafundi tunalilea. Tunauza kompyuta tukimwambia mteja "weka vitu vyako D, C ikifomatiwa havipotei". Ni kweli kwa kufomati. Hatuongezi kwamba diski ikifa herufi hazitamsaidia.

Ninapotofautiana na fundi ni kuhusu KAZI. Aliiunda kwa nia njema, akaniambia mifumo miwili lazima iwe na mahali pa kukutania. Nikamwuliza nini hasa kinavuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Faili asili hazivuki, kwani programu mpya haizisomi. Kinachovuka ni DST peke yake. DST hutumia baiti 3 kwa kila hatua ya sindano, na kichwa cha baiti 512. Beji ya hatua 10,000 ni kama KB 30. Flashi ilikuwa tayari dukani, ikibeba DST kwenda kwenye mashine kila siku. Tungeweza kuiacha K ijulikane na Windows 7 tu, DST ikavuka kwa flashi ileile, na Windows 10 isingekuwa na kumbukumbu ya patisheni isiyoihusu. Tulitenganisha programu ambazo hazikuwa na ugomvi zikiwa kila moja kwenye Windows yake, kisha tukaziunganisha hapo palipokuwa na hatari.

Fundi alijibu kwamba flashi nazo hupotea na kuleta virusi, na kwamba mpwa alitaka kuona michoro yote mahali pamoja. Hoja yake ina uzito. Mimi bado ningechagua flashi, au ningezima Fast Startup siku ya kwanza kabla hata ya kuunda K.

Jaribio la siku ya kusakinisha lilikuwa dogo mno. Lilithibitisha kwamba kila programu inafunguka, lakini halikufuata siku ya duka ilivyo: kufungua asubuhi, kuhama mchana, kuzima usiku, kufungua tena upande mwingine. Mzunguko mmoja kamili wa namna hiyo ungelionyesha onyo la ukaguzi mwezi mzima kabla ya msimu. Na skrini inayojirudia kila asubuhi ikiomba kukagua diski haikuripotiwa kwa sababu iliruhusu kurukwa. Mtumishi aliyeagizwa kuhudumia wateja ataruka. Fundi ndiye aliyetakiwa kumwambia mapema kwamba skrini hiyo ikitokea mara mbili, apige simu.

Sasa ile diski ya pili. SSD ndogo ingewekwa, waya wa diski ya zamani ukachomolewa wakati wa kusakinisha, na Windows 10 ingejiwekea kiwashio chake bila kujua kuna mwingine. Kusingekuwa na kupunguza C, wala nafasi nne za MBR, wala kitufe cha Yes. Upande wa kuanzia ungechaguliwa kwenye BIOS, programu inayotangulia Windows kompyuta ikiwashwa. Fast Startup ingebaki hatari kama diski zote mbili zingeonekana kwa pamoja, kwa hiyo si dawa ya kila kitu, lakini saa nyingi za siku ya kugawa zingeokolewa, na Windows 7 yenye leseni isiyonunulika tena isingeguswa hata kwa kidole. Ilisahauliwa kwa sababu swali aliloletewa fundi lilikuwa "tugawe vipi?" naye akalijibu kama lilivyoulizwa.

## Hali ya sasa

Mpango ule ulidumu, na baada ya Fast Startup kuzimwa K haikusumbua tena. Nakala kwenye diski ya nje sasa hufanywa kila Alhamisi, na diski hiyo hulala nyumbani kwa mama, si dukani.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10, na kompyuta hii haina TPM 2.0, chipu ya usalama inayotakiwa na Windows 11. Kwa kuwa upande wa bluu ndio ulioanza kuunganishwa na intaneti kupokea oda, duka limenunua kompyuta nyingine kwa ajili ya mashine ya sindano 15. Ya zamani imebaki na kijidude chake, bila intaneti. Fundi alitaka kuifuta patisheni ya Windows 10 wiki ileile na kuiongezea K zile GB 120. Mama akamkatalia.

"Iwate hivyo hivyo, mwanangu. Shule zikishafungua utakuja uifute."

Fundi amepangiwa kurudi mwishoni mwa Januari, na safari hii ameagizwa aje na UPS yake.